Wipa zikianza, na taa ziwake

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, mwezi wa saba, umetoka Makambako unaelekea Njombe. Baridi inauma. Unapandisha kilima cha kwanza, unashuka, na pale bondeni barabara inaisha. Imemezwa. Mbele ya boneti ni weupe mtupu, kama mtu amekutandikia shuka kwenye kioo. Mkono wako unakimbilia swichi gani?

Kama ni fulu, endelea kusoma. Kama ni hazadi, tafuta kiti kabisa ukae.

Nitataja sana ukungu wa Njombe na Mufindi kwa sababu ndiko nilikojifunzia, lakini mbinu zenyewe zitakufaa Lushoto, zitakufaa Kitonga, na kwa wa Kenya zitakufaa kile kipande cha Limuru kwenda Kinungi. Zitakufaa Dar pia, masika, mvua inapomwagika saa tisa alasiri hadi mchana unageuka magharibi. Leo ni taa tu. Tairi na breki tutazungumza siku nyingine.

Izoee swichi yako gari likiwa limesimama

Jioni moja kaa kwenye usukani uchezee taa kwa dakika tano. Usicheke. Kuna watu wana miaka kumi barabarani na hawajui taa ya ukungu ya gari lao inawashwaje.

Magari mengi ya Kijapani tunayoendesha huku yana swichi ya taa kwenye kijiti cha indiketa, kulia kwa usukani. Zungusha ncha yake mara moja: parking. Mara ya pili: taa kubwa. Sukuma kijiti mbele: fulu. Kivute kwako: unapiga fulu ya kuashiria, ukiachia inazima. Pete ya katikati, kama ipo, ndiyo ya taa za ukungu. Magari mengi ya Ulaya yana kitufe cha kuzungusha kwenye dashibodi, upande wa mlango, na kwenye baadhi yake unakivuta nje ili taa za ukungu ziwake.

Sasa tazama dashibodi. Alama ya bluu ni fulu, na ukiiona inawaka ukiwa kwenye ukungu ujue umekosea. Ya kijani yenye mistari iliyokatwa na kiwimbi ni taa za ukungu za mbele. Ya rangi ya chungwa yenye kiwimbi hichohicho, imegeukia upande wa pili, ni taa ya ukungu ya nyuma. Kama gari lako lilikuja moja kwa moja kutoka Japani, usiitafute sana hii ya nyuma, mengi hayana. Mengine hata za mbele hayana, ukiinama kwenye bampa unakuta kifuniko cha plastiki tu.

Ukimaliza ndani, shuka uzunguke. Mwombe mtu akanyage breki wewe ukiwa nyuma. Uko peke yako? Rudisha gari hadi karibu na ukuta, kanyaga breki, tazama kwenye vioo vya pembeni. Wekundu unatakiwa uonekane ukutani pande zote mbili. Ukiuona upande mmoja, balbu moja imekufa. Balbu ya nyuma ni ya bei ndogo, na kwenye magari mengi inabadilishwa kwa bisibisi na subira kidogo. Usingoje trafiki akukumbushe.

Dimu, si parking

Kanuni yangu ni moja: nikiwasha wipa, nawasha taa kubwa, dimu. Hata kama ni saa saba mchana. Hata kama ni manyunyu. Parking ni taa za gari lililosimama, jina lenyewe linasema, na kwenye mvua nzito hazionekani mpaka mtu awe amekufikia.

Utaniambia mchana unaona vizuri bila taa. Sawa, wewe unaona. Je, dereva wa lori anayekuja mbele, wipa zake zimechoka na kioo chake kimejaa mvuke, anakuona? Gari la kijivu kwenye mvua lina rangi ya mvua. Gari jeupe kwenye ukungu lina rangi ya ukungu. Na barabara zetu zimejaa magari meupe na ya fedha.

Hapa kuna mtego, na ulininasa mimi mwenyewe. Niliazima gari la shemeji yangu, jipya kuliko langu, lenye zile taa nyeupe za mchana zinazowaka zenyewe ukishatia moto injini. Nikatoka Mafinga na mvua. Dashibodi inameremeta, vibao vya barabarani mbele yangu vinang'aa, nikajua niko vizuri. Nyololo nikasimama kunywa chai. Sijamaliza kikombe, akaja dereva wa semitrela aliyeegesha nyuma yangu, koti lote limelowa.

"Kaka, samahani. Hilo gari lako nyuma ni giza."

"Giza vipi? Taa nimewasha."

"Nimekufuata kilomita tatu nzima. Nakuona ukikanyaga breki tu. Ukiachia, unapotea."

Nikatoka naye kwenye mvua tukaangalia. Mbele zinawaka kama harusi. Nyuma hakuna hata punje ya wekundu.

Kwenye magari mengi, taa za mchana ni za mbele peke yake. Za nyuma haziwaki mpaka uzungushe swichi mwenyewe. Kwa hiyo usiamini mwanga unaouona mbele, wala usiamini dashibodi, kwa kuwa siku hizi dashibodi nyingi zinawaka muda wote. Amini mkono wako uliozungusha swichi.

Vivyo hivyo neno AUTO kwenye swichi. Sensa yake inapima giza. Haipimi mvua wala ukungu, isipokuwa kwenye baadhi ya magari ambayo taa zimeunganishwa na wipa. Ukungu wa saa mbili asubuhi ni mweupe na una mwanga mwingi, kwa hiyo sensa inadhani kumekucha salama na inalala. Ukiona hali ya hewa imeharibika, toa AUTO, weka dimu kwa mkono.

Ndani ya ukungu

Ukungu ni matone madogo ya maji yaliyoning'inia hewani. Fulu inayapiga yote, nayo yanakurudishia mwanga machoni. Unakuwa umejijengea ukuta mweupe kwa umeme wako mwenyewe. Kama huamini, siku ukiwa umesimama mahali salama pembeni, washa fulu kwa sekunde mbili kisha rudi dimu. Hutahitaji somo jingine.

Taa za ukungu za mbele ziwashe pamoja na dimu. Zimewekwa chini kwenye bampa kwa makusudi: mwanga wake ni mpana na bapa, unapita karibu na lami, chini ya usawa wa macho yako. Kazi yake ni kukuonyesha ukingo wa barabara na mita chache za mbele. Hazikupi ruhusa ya kuongeza mwendo.

Una ile bar ndefu ya LED juu ya paa la pickup? Zima. Iko karibu kabisa na usawa wa macho yako, na mwanga wake wote unarudi hukohuko. Kwenye ukungu hakuna taa mbaya kama hiyo. Iwashe shambani.

Fundi atakushauri ununue balbu za njano, akikuapia kwamba njano inatoboa ukungu. Wapo wanaosema macho yao hayachoki sana na njano, na sitawabishia. Ila taa ya njano iliyoelekezwa juu ni mbaya kuliko nyeupe iliyoelekezwa chini. Tengeneza mwelekeo kwanza, rangi baadaye.

Mwendo sasa. Kwa kilomita 80 kwa saa gari linakula mita 22 kila sekunde. Dimu nzuri inakuangazia kama mita 40 hadi 60 usiku mkavu, na kwenye ukungu ni pungufu. Piga hesabu mwenyewe utaona kwamba kwa mwendo huo unaendesha kwenda mahali ambapo bado hujapaona.

Mimi natumia kuhesabu. Kitu kikijitokeza kwenye ukungu, kibao, nguzo, mti, naanza: moja, mbili, tatu, nne, tano, polepole kama sekunde za saa. Nikikifikia kabla ya tano, napunguza mwendo. Narudia na nguzo inayofuata. Ikitokea nimeshuka hadi 30, basi ni 30. Dereva wa basi aliye nyuma yako ana honi, mwache aitumie.

Shika kwa macho mstari wa pembeni kushoto. Usiukodolee mstari wa katikati, maana wa upande wa pili naye anaukodolea huohuo, na mtakutana hapo. Zima redio. Shusha kioo vidole viwili. Lori linalopanda kilima utalisikia kabla hujaliona.

Halafu kuna ile raha ya uongo ya kushika taa nyekundu za gari la mbele. Unaona fulani anajua njia, unajibandika nyuma yake, unajisikia una kiongozi. Naye anakwenda kwa kubahatisha kama wewe. Akikanyaga breki ghafla unaingia kwenye buti lake, na akiingia mtaroni mnaingia wote. Rudi nyuma mpaka taa zake zianze kufifia, kaa hapo.

Hazadi, na hapa tutagombana

Najua kila mtu anafanya. Ukungu ukishuka tu, barabara nzima inapepesa kama mti wa Krismasi. Najua pia kwamba unafanya kwa nia njema. Lakini acha.

Hazadi inasema neno moja: nimesimama. Ukiiwasha ukiwa unatembea, umemwambia wa nyuma uongo. Siku atakapokuta gari lililokufa kweli katikati ya lami, hazadi zinawaka, ataona ni kama wale wengine wote aliowapita, na hatapunguza.

La pili ni indiketa. Kwenye magari mengi, hazadi ikiwaka indiketa haifanyi kazi. Unakata kulia kuingia kituo cha mafuta, umesukuma kijiti, na nyuma yako hakuna anayejua. Taa zote nne zinapepesa vilevile. Halafu taa inayowaka na kuzima inawasumbua macho walio nyuma. Kwenye ukungu ni vigumu kukadiria umbali wa kitu kinachotokea na kupotea. Taa nyekundu iliyotulia inasomeka vizuri zaidi.

Kuna nafasi mbili ninazozikubali. Ya kwanza: unakwenda, ghafla unakuta foleni au ajali mbele, unafunga breki. Bonyeza hazadi, angalia kioo, ukiona wa nyuma amepunguza, zima. Ya pili ni lori lenye shehena linalopanda Kitonga kwa mwendo wa mtu anayetembea na kikapu kichwani. Huyo amekaribia kusimama kweli, na simlaumu akiwasha.

Kwa ukungu, anayehitaji kuonekana nyuma ana taa ya ukungu ya nyuma, kama gari lake linayo. Ni nyekundu na kali kuliko taa za kawaida za nyuma. Kipimo kinachotumika Uingereza ni mita 100: usipoona zaidi ya hapo, unaweza kuiwasha, hali ikiwa nzuri kuliko hapo, unaizima. Mita 100 ni kama urefu wa uwanja wa mpira, goli hadi goli. Uizime kweli. Kwenye usiku wa kawaida inamchoma macho aliye nyuma yako, na ukikanyaga breki hajui kama ni breki au ni ileile.

Kuhusu ule utaratibu wa barabara kuu, wa kuwasha indiketa ya kulia usiku mnapopishana ili mwenzako ajue gari lako linaishia wapi: usiku mkavu, sawa, madereva wa malori wanaelewana. Kwenye ukungu au mvua kubwa usiutegemee. Mwanga mmoja unaopepesa ndani ya weupe unaweza kuwa lori, unaweza kuwa bodaboda anayekata kona kwenda kijijini kwake.

Mvua ya usiku

Lami iliyolowa ni kioo. Mwanga wako unaipiga na kuteleza kwenda mbele, kinachokurudia ni kidogo, ndiyo maana unahisi taa zako zimepungua nguvu. Wakati huohuo taa za anayekuja zinakupiga mara mbili: kutoka kwenye gari lake na kutoka kwenye lami. Mistari inapotea. Mtu aliyevaa nguo nyeusi anapotea kabisa.

Jibu si fulu. Fulu kwenye mvua kubwa inaangaza matone, unaona nyuzi nyeupe tu. Kaa dimu, punguza mwendo, na safisha kioo. Kwanza ndani. Chukua kitambaa kikavu na ufute kioo cha mbele kwa ndani kabla ya safari. Ule utando wa mafuta usiouona mchana ndio unaotawanya taa za wengine usiku. Mvuke ukianza, washa AC na uelekeze hewa kwenye kioo, hata kama ni baridi. Sogeza joto juu kidogo kama unasikia baridi. AC inakausha hewa, na kioo kinafunguka ndani ya dakika moja au mbili. Kufuta kwa kiganja unaacha michirizi, nayo inameta.

Akikujia mtu na fulu, usilipize. Mpigie fulu mara moja tu, fupi, kumkumbusha. Asiposhusha, hamisha macho kwenye ukingo wa kushoto wa barabara, achia mafuta kidogo, mwache apite. Ukimlipiza mnakuwa vipofu wawili mnaosogeleana.

Tangu mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku Tanzania mwaka 2023, utakutana nayo mengi saa nane za usiku, na kila basi likikupita kwenye mvua linakumwagia ndoo ya maji. Ukiliona linakuja, weka wipa kwenye kasi ya juu kabla halijafika. Muda wa upofu utapungua.

Kama wipa ziko kasi ya mwisho na bado huoni, safari imesimama. Tafuta kituo cha mafuta au mahali penye nafasi, utoke barabarani kabisa. Mvua ya namna hiyo mara nyingi haidumu.

Viazi kwenye buti

Hili wengi hawalifikirii. Umeenda Njombe, huwezi kurudi mikono mitupu. Magunia mawili ya viazi, ndoo ya maparachichi, mama mkwe kiti cha nyuma. Nyuma ya gari imelala, pua imeinuka, na dimu yako sasa imekuwa fulu. Kila unayepishana naye anakupigia taa, wewe unashangaa wana nini.

Tafuta kigurudumu kidogo kwenye dashibodi chenye namba kuanzia 0. Ukiwa peke yako kiwe 0. Ukijaza abiria na mzigo, kipandishe. Namba ikiongezeka, mwanga unashuka. Magari mengine yanajirekebisha yenyewe. Kama lako halina kimojawapo, punguza mzigo wa nyuma au usogeze mbele uwezavyo.

Ukitaka kujua kama taa zimekaa sawa, fanya jaribio la ukuta. Egesha mita 5 kutoka ukutani, mahali palipo tambarare, upepo wa tairi uko sawa. Pima urefu kutoka chini hadi katikati ya taa, weka alama ya chaki ukutani kwa urefu huohuo. Washa dimu. Ukingo wa juu wa mwanga uwe sentimita 5 hadi 7 chini ya chaki. Ukiwa juu ya chaki, unachoma watu macho. Ukiwa chini sana, unaangaza bampa ya jirani. Nyuma ya taa kuna skrubu ya kurekebisha. Fundi umeme wa magari anamaliza kwa dakika kumi.

Hapohapo ukutani chunguza umbo la mwanga. Dimu ya gari la kuendeshwa upande wa kushoto wa barabara, kama letu, inainuka kidogo upande wa kushoto, kumulika pembezoni. Ikiinuka kulia, taa hizo zilitengenezwa kwa nchi zinazoendesha kulia, na kila siku zinampiga anayekuja usoni. Utakuta hivyo kwenye baadhi ya magari yaliyopitia Dubai, au yaliyofungwa taa za mtumba.

Na zile balbu za LED za bei ya kutupa ulizofungiwa kwenye taa ya halojeni? Taa ile ilichongwa kwa ajili ya waya mdogo unaowaka mahali pamoja maalumu. LED ikikaa pembeni kidogo tu ya mahali pale, mwanga unatawanyika ovyo. Ukutani utaona madoadoa badala ya ukingo ulionyooka. Kwa nje gari linaonekana la kisasa. Kwenye mvua huoni, na hakuna anayeona mbele yako. Halojeni mpya nzuri ni bora.

Tope, vumbi na taa zilizopauka

Kilomita ishirini za barabara ya udongo wakati wa masika zinatosha kupaka taa zako za nyuma tope hadi zisionekane. Beba chupa ya maji ya lita moja na nusu na kitambaa mlangoni. Ukitoka kwenye udongo kuingia lami, simama, osha taa zote, za nyuma kwanza. Osha na namba ya gari, trafiki atafurahi.

Kiangazi ni vumbi. Tumia dimu mchana kweupe, na usiovateki ndani ya vumbi la lori, hata ukiwa umechelewa namna gani. Kaa nyuma mpaka upepo ulipeleke pembeni au lori likupishe. Kuna pikipiki ndani ya lile wingu ambayo wewe huioni, wala mwendeshaji wake hakuoni.

Kioo cha taa kikipauka na kuwa cha njano, sehemu kubwa ya mwanga wako inabaki ndani. Dawa ya meno inasafisha, ndiyo, kwa wiki chache. Ukitaka idumu, piga msasa wa maji, namba 1000 kisha 2000, huku unamwagia maji, halafu polishi, halafu dawa ya kukinga jua. Ukiruka ile ya mwisho, jua litakirudisha kilipokuwa.

Ukiharibikiwa humohumo

Toa gari nje ya lami kadiri linavyoweza kutoka. Sasa ndipo hazadi, na uiache. Ondoa mguu kwenye breki, kwa sababu taa za breki zinamfanya anayekuja adhani uko njiani unapunguza mwendo. Zima taa kubwa, acha parking.

Abiria washuke upande wa kushoto, wasimame mbali na barabara, si mbele ya gari wala nyuma yake. Weka pembetatu nyuma, hatua hamsini kwa hali ya kawaida, mia kwenye ukungu. Ukiwa kwenye kona au kileleni, iweke kabla ya kona, si baada yake. Unapoipeleka, ishike mbele ya kifua chako ikiwa imefunguliwa, uso wake ukiwaelekea wanaokuja, utembee nje ya lami.

Matawi ya miti wanayotandaza madereva wetu barabarani ni ya msaada mchana. Kwenye ukungu wa usiku jani halirudishi mwanga, dereva anaona tawi akiwa juu yake. Weka matawi ukipenda, lakini pembetatu iwepo. Na ukiondoka, yatoe. Tawi lililoachwa ni ajali ya mtu wa saa tisa usiku.

Mwenye bodaboda, wewe taa yako ya mbele iwake muda wote, jua au mvua. Ya nyuma iangalie kila asubuhi. Waya wake mara nyingi hukatika pale unapoingia chini ya siti. Koti la mvua likifunika reflekta, vaa reflekta juu ya koti. Na abiria wako asifunike taa ya nyuma kwa mwavuli au kanga.

Ukungu wa Njombe mara nyingi hufunguka kuelekea saa nne asubuhi, jua likishapata nguvu. Utaona vilima kwanza, kisha mashamba, kisha barabara yote. Hapo rudisha mkono kwenye swichi: taa za ukungu zima, mbele na nyuma. Dimu iache mpaka wipa zisimame na lami ianze kukauka.